Kupanga Upya Usimamizi wa Bahari na Pwani ya Kaunti: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Hii kazi nimeulizwa sana. Wananiuliza maofisa wa uvuvi, wenyeviti wa BMU (vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia bandari zao), wasaidizi wa MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, waliotumwa "kaandike kitu kuhusu bahari", na karibu wote wamekwama pale pale. Mpango unaandikwa hotelini, unazinduliwa, boti inanunuliwa, halafu mwaka wa pili boti iko juu ya mchanga haina mafuta na watu wanavua vile vile kama zamani.

Shida si uvivu, na si kwamba watu hawaipendi bahari yao. Shida ni kwamba wanaanza na ofisi mpya na sheria mpya kabla hawajajua nani anaamua nini kwenye ufuo wao, na bajeti wanaikumbuka mwisho kabisa. Hapa tunageuza mambo: kwanza kipande kimoja cha pwani, halafu mamlaka, halafu watu, halafu masharti, halafu pesa kwa tarehe zake. Mswada wa sheria unakuja nyuma.

Nimeandika kwa kaunti zenye bahari upande wa Kenya, yaani Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Walio Tanga ama Unguja wachukue wazo tu, sheria zao ni nyingine kabisa, msije mkanakili vifungu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

Kama hivi havipo usianze hatua ya kwanza, utarudi nyuma tu.

- Barua ya waziri wa kaunti anayeshika uvuvi, ina sahihi na muhuri, inataja majina ya timu ndogo na muda wao wa kazi. Bila hiyo barua ofisi za serikali kuu zitakupokea kwa chai tu.
- Nakala za sheria, zilizochapishwa, zikae kwenye faili moja: Katiba ya 2010, Sheria ya Uvuvi ya 2016, kanuni za BMU zinazotumika sasa, Sheria ya Misitu ya 2016, Sheria ya Mazingira ya 1999, na Sheria ya Fedha za Umma ya 2012.
- CIDP ya kaunti yako, ule mpango wa miaka mitano. Tafuta kurasa zinazotaja uvuvi, mikoko na fukwe, uziwekee alama.
- Daftari za BMU zilizopo hata kama zimechakaa: wanachama, vyombo, samaki wanaopimwa kila siku.
- Ratiba ya maji kujaa na kupwa ya mwaka mzima.
- Ramani kubwa ya karatasi ya kipande mnachotaka, iliyopigwa kutoka angani, na kalamu za rangi zisizofutika kwa maji.
- Watu wawili ambao kila mtu huwasahau: mchumi mmoja kutoka idara ya mipango na bajeti, na wakili wa kaunti. Waingie siku ya kwanza, si siku ya mwisho.
- Nauli na chakula cha watu watakaoacha kwenda baharini kuja kukusikiliza. Mvuvi akikosa siku moja nyumbani hakuna mboga, kwa hivyo hii si hisani.

## Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja tu

Usianze na pwani nzima ya kaunti. Chukua ghuba moja, ama mlango wa bahari mmoja na miamba yake, mahali ambapo bandari kadhaa za wavuvi zinatumia maji yale yale. Kule Kwale walifanya hivyo kwa Shimoni mpaka Vanga, BMU kadhaa zikakubaliana kusimamia eneo moja kwa pamoja badala ya kila mmoja kuchunga mlango wake.

Sababu yake ni rahisi. BMU ya kijiji kimoja ikifunga mwamba na ya jirani haijafunga, wavuvi wanahama mlango tu na ugomvi unahama nao.

Angalia: mipaka ya wodi isikuongoze kuchagua maji, samaki hawajui wodi. Lakini ziandike wodi zote zinazogusa kipande chako kwa sababu pesa za kaunti zinatembea kwa wodi, na MCA mmoja aliyeachwa nje atakukwamisha huko mbele.

Utajua imekubali ukimuuliza nahodha wa upande wa kaskazini na nahodha wa kusini, bila ramani, wakutajie mpaka unapoanzia na unapoishia, wote wakataja mkondo ule ule na jiwe lile lile.

## Hatua ya 2: Chora jedwali la mamlaka

Hapa ndo pa kukaa. Ukikosea hapa kila kitu kinachofuata ni hewa.

Chora safu nne: anayeamua, anayetekeleza, anayelipa, na anayelaumiwa mambo yakiharibika. Hiyo safu ya nne iweke hata kama wakubwa hawaipendi, manake mara nyingi anayelaumiwa ni BMU na wala haimo kwenye zile tatu za mwanzo.

Sasa jaza, kitu kimoja kimoja.

Samaki. Jedwali la Nne la Katiba limeigawa hii kazi. Kaunti imepewa uvuvi chini ya kilimo, serikali kuu imebaki na ulinzi wa maliasili na mazingira, na humo uvuvi umetajwa pia. Sheria ya 2016 ndiyo iliyounda shirika la uvuvi la taifa, KeFS. Kwa hivyo ukisema "uvuvi umegatuliwa, sisi ndo wenye kusema" umesema nusu.

Ufuo wenyewe. Soma kifungu cha 62 cha Katiba. Ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, iko mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi na inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Bahari ya mipaka ya nchi na sakafu yake pia. Maana yake kaunti haiwezi kumgawia mtu pale bandari ya wavuvi ilipo, na wala haiwezi kuwaahidi wavuvi hati ya hapo bila kupitia kwa hao. Nimeona wanasiasa wakiahidi hati za bandari za wavuvi kwenye mikutano na watu wakashangilia, inaniuma kwa sababu wale wazee wanaamini.

Mikoko. Ni msitu wa serikali tangu 1932 na msimamizi ni KFS, shirika la misitu. Jamii inaingia kupitia chama cha jamii cha msitu, CFA, wanaandikishiana mkataba na KFS. Pale Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko tangu 2013 na mapato yanarudi kijijini kwenye maji na shule. Kaunti haikuhitaji kumiliki msitu ule ndio mambo yaende.

Hifadhi za bahari. Malindi na Watamu zipo tangu 1968, kuna Kisite-Mpunguti, Mombasa na Kiunga. Hizo ni za KWS, shirika la wanyamapori. Mpango wako wa kaunti hauzigusi, unapakana nazo tu.

Mengineyo. Tathmini ya athari kwa mazingira ni NEMA, mamlaka ya mazingira, utafiti ni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, usalama wa vyombo ni mamlaka ya bahari KMA, doria ya taifa ni walinzi wa pwani walioundwa kwa sheria ya 2018. Taka zinazomwagika ufuoni ni kazi ya kaunti, na hii kaunti nyingi zinaisahau zikiongea habari ya bahari wakati ni kitu wanaweza kufanya kesho asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Jedwali likishajaa lijaribu kwa kumfuata pweza mmoja. Mama anaingia mwambani siku za bamvua, maji yametoka mbali, anamchokoa pweza pangoni kwa chuma, anamgeuza kichwa, anamtia kwenye ndoo. Anarudi, anampeleka kwa mnunuzi aliyekaa chini ya mkungu na mizani ya kuning'iniza. Mnunuzi anaandika kilo kwenye daftari lake la shule, pweza anaingia guniani, gunia linapanda pikipiki, njiani kuna kizuizi cha ushuru wa kaunti, halafu ni mjini kwenye friji la tajiri. Sasa uliza kwenye kila kituo: nani aliandika nini? Mama hana chombo kwa hivyo hana leseni, na BMU nyingi hazijamwandika mwanachama. Mnunuzi ana kilo lakini ni siri yake. Kaunti ina risiti ya ushuru haisemi pweza alitoka mwamba gani. Yaani mtu aliyemtoa pweza baharini hayumo kwenye karatasi yoyote ya serikali, na ukija kufunga ule mwamba yeye ndo wa kwanza kuumia.

Fanya hivyo hivyo na boriti moja ya mkandaa, yaani mti wa mikoko, na kikapu kimoja cha samaki wa tasi. Kila mahali jedwali linaponyamaza ndipo kazi yako ilipo.

Utajua imekubali kila ofisi iliyotajwa ikitia sahihi kwenye safu yake bila kusahihisha. Wakisahihisha, vizuri zaidi, andika upya.

## Hatua ya 3: Safisha daftari la watu na vyombo

Watu wanaiona hii hatua kama kazi ya karani. Sio. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu, karibu 4,600, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Siku kama hiyo ikifika kwenu swali la kwanza litakuwa: mvuvi ni nani hapa? Asiye kwenye daftari hana pa kusimama.

Andikisha kwa makundi: wenye vyombo, mabaharia wanaofuata chombo cha mtu, wavuvi wa miguu wa mwambani, wenye malema (mitego ya samaki), mama karanga wanaokaanga na kuuza, wanunuzi, mafundi wa vyombo. Kila mtu kundi lake, mtu mmoja akiwa na mawili andika yote.

Msiwaache Wapemba. Wengi wamezaliwa hapa hapa, na mwaka 2023 jamii hii ilitambuliwa rasmi kuwa ya Kenya, kwa hivyo ule udhuru wa "hao si wetu" haupo tena. Wavuvi wa dago wanaokuja na kaskazi na kuondoka nao pia wawe na ukurasa wao: wametoka wapi, wamefikia kwa nani, wanatumia nyavu gani. Kuwaandika si kuwapa uanachama, ni kujua nani yuko majini.

Angalia: usiandikishe kwenye ofisi ya chifu saa nne asubuhi. Utapata wenye nafasi, hutapata wavuvi. Nenda bandarini saa vyombo vinaporudi, kaa kwenye mizani. Na wakati wa kampeni usiguse daftari kabisa, majina yataota kama uyoga.

Utajua imekubali orodha ikibandikwa kwenye banda la samaki wiki mbili, watu wakaisoma, wakagombana, wakafuta majina ya waliohama na waliokufa, na mwisho ugomvi ukaisha wenyewe.

## Hatua ya 4: Kaa na watu, lakini kwa saa ya bahari

Mikutano mingi inafeli kwa sababu imepangwa kwa kalenda ya ofisi. Fungua ratiba ya maji. Siku za bamvua akina mama wako mwambani, hutawapata. Weka mkutano maji mafu, siku maji hayatoki mbali. Na kwa wenye vyombo, wakati wa kusi bahari imechafuka ndo wana nafasi, kaskazi ikitulia usiwaite ila kuwe na msiba.

Gawanya vikao. Kaa na mabaharia peke yao, na akina mama peke yao, na wenye vyombo na matajiri peke yao, ndipo uwakutanishe. Hii si kwa ajili ya adabu, ni kwa ajili ya deni. Baharia wa kawaida anadaiwa na tajiri wake nyavu, mafuta, hata ada ya mtoto, na mbele ya tajiri hatasema juya, ule wavu wa kukokota, linaharibu mazalio ya samaki wakati juya ni la tajiri. Ukimkuta peke yake atakuambia kila kitu mpaka jina la pango.

Ongeeni Kiswahili, na mwenye Kidigo, Kigiriama au Kibajuni aongee chake atafsiriwe. Karatasi za mkutano zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatia sahihi.

Angalia: usiulize "mnataka serikali iwafanyie nini?" Utaletewa orodha ya injini na majokofu. Uliza: samaki gani mlikuwa mkipata wakati wa baba zenu na sasa hamuwapati, na wapi? Uliza mtu akikosea hapa nani humwambia. Majibu ya hayo mawili ndiyo mpango wenyewe.

Utajua imekubali makundi mawili ambayo hayakukaa pamoja yakitaja mwamba ule ule kuwa ndo unaohitaji kupumzishwa.

## Hatua ya 5: Andika masharti machache yanayoweza kusimamiwa

Machache kweli. Masharti matano yanayofuatwa yanaishinda ile mipango ya kurasa mia. Kila sharti lijibu mambo manne: nini kimekatazwa, wapi, lini, na mtu akivunja nini kinamfuata mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Juya na bunduki za kuchomea samaki zilishapigwa marufuku na serikali tangu 2001, kwa hivyo hayo hamuyatungi upya, mnaandika tu mtayasimamia vipi na mwenye juya atasaidiwa vipi kubadilisha zana. Sehemu ya pili ni muhimu. Ukimnyang'anya mtu juya na nyumba ina watu kumi wanaolitegemea, usiku atarudi na jingine.

Kama watu wamekubali tengefu, yaani sehemu iliyofungwa kabisa, nenda mkatembee Kuruwitu kule Kilifi. Walianza katikati ya miaka ya 2000 kwa kufunga eneo dogo la hekta kama 30, na mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Peleka wanaopinga, sio wanaounga mkono. Mpinzani akimsikia mvuvi mwenzake akieleza samaki wanaovuka mpaka wa tengefu na kuingia kwenye nyavu za nje, maneno ya ofisa hayahitajiki tena.

Chagueni tengefu lisiwe ule mwamba wa karibu unaofikika kwa miguu. Huo ndo wa akina mama na wazee na wasio na chombo. Ukilazimika kuugusa, ufunge kwa miezi tu kwa ajili ya pweza kisha ufunguliwe kwa siku moja inayojulikana na wote, na akina mama wenyewe ndo wakae kwenye kamati ya kufungua.

Angalia, hii ni ya hatari: BMU haina ruhusa ya kumfunga mtu, kumpiga, wala kuchoma nyavu kwa uamuzi wake. Kukamata kufanywe pamoja na ofisa wa uvuvi aliyeidhinishwa, faini iwe ile iliyoandikwa kwenye masharti yaliyopitishwa kisheria, na risiti itolewe. Kijana wa doria akichoma nyavu za mtu leo, kesho yeye ndo yuko mahakamani na mpango wote umechafuka jina.

Kamati itakayosimamia iwe na akina mama wa kweli wa bandarini, Katiba inakataa jinsia moja kuzidi theluthi mbili. Mke wa mwenyekiti aliyewekwa kujaza nafasi hajui bei ya tasi.

Utajua imekubali mtoto wa darasa la sita pale kijijini akiweza kukutajia masharti yote bila kusoma.

## Hatua ya 6: Fungeni mkataba na ofisi za serikali kuu

Hii fupi. Chukua jedwali la hatua ya 2, na kwa kila ofisi andika ukurasa mmoja: sisi tutafanya hiki, nyinyi mtafanya kile, simu ikipigwa usiku anayepokea ni mwenye cheo fulani, taarifa tutapeana kila mwezi. Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 inaruhusu kamati za pamoja kati ya serikali kuu na kaunti, tumieni hiyo, wakili wa kaunti ataandika lugha yake.

Andika cheo, usiandike jina. Maofisa wanahamishwa, na mikataba mingi inakufa siku mtu mmoja amepelekwa Garissa.

## Hatua ya 7: Ingiza pesa kwa tarehe zake

Hapa ndo mipango mizuri inapozikwa, na hakuna aliyeua kwa makusudi. Watu wa bahari wanamaliza kazi yao Machi, wanapeleka kwa waziri, waziri anasema vizuri sana, na pesa hakuna kwa sababu mlango ulishafungwa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini wewe unaanza karibu mwaka mzima kabla:

1. Mwisho wa Agosti hazina ya kaunti inatoa waraka wa bajeti. Mchumi wako akuonyeshe.
2. Kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti. Kazi yako iwe imetajwa humo kwa jina la eneo, isiwe "kuimarisha uvuvi".
3. Kufikia 28 Februari waraka wa sera ya fedha unafika bungeni na kuweka viwango vya kila idara. Baada ya hapo unagawana kilichomo, huongezi.
4. Kufikia 30 Aprili makadirio yako bungeni. Hapa kamati inasikiliza wananchi, peleka wavuvi waongee wenyewe, na wapeleke maandishi pia.
5. Kufikia 30 Juni yapitishwe.

Kama CIDP haitaji kitu chenu kabisa, anza na hiyo kwanza kwa sababu mpango wa mwaka unatoka humo.

Sasa siri ya ile boti iliyolala mchangani. Boti inanunuliwa kwa pesa za maendeleo. Mafuta, mshahara wa nahodha, spea na jaketi za kuokolea vinatoka kwenye matumizi ya kawaida, ni fungu jingine kabisa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, kwa hivyo kununua boti ni rahisi na kuiendesha ndo shida. Usikubali boti kuingia kwenye bajeti kama mstari wa mafuta haumo mwaka huo huo. Bora doria ya ngalawa ya kukodi inayotoka kila wiki kuliko boti kubwa ya picha.

Na ushuru. Wenyeviti wengi wanataka "ushuru wa hapa ubaki hapa", na wana haki kuuliza. Lakini Katiba kifungu cha 207 inasema mapato ya kaunti yaingie mfuko wa mapato wa kaunti. Yatarudi kwa njia ya bajeti tu, ama kwa mfuko maalum ulioundwa kisheria na bunge likaupitisha. Ofisa anayewaahidi kwa mdomo kwamba sehemu itabaki bandarini anawaweka nyinyi na yeye pabaya. Ada za BMU za wanachama ni kitu tofauti, ziwekeni benki, daftari liwe wazi.

Utajua imekubali ukifungua kitabu cha bajeti kilichopitishwa ukaweka kidole kwenye mstari wenye jina la eneo lenu na tarakimu yake. Kama hakuna mahali pa kuweka kidole hakuna pesa, hata kama gavana ameongea kwenye redio.

## Hatua ya 8: Sasa leta mswada, kama bado unahitajika

Mara nyingi ukifika hapa unagundua sheria mpya haihitajiki sana, masharti ya BMU na mikataba vimetosha. Ikihitajika basi iandikwe kutoka kwa yale yaliyokwisha kufanya kazi majini. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kushirikisha wananchi, na vikao vile vikifanywa mjini tu mahakama inaweza kuifuta sheria nzima.

Angalia: mswada unaoanza kwa kuunda bodi, mwenyekiti wa bodi, posho za bodi na magari ya bodi utakula ile pesa ya mafuta. Zipeni kazi kamati zilizopo.

## Hatua ya 9: Endesheni msimu mzima na mpime

Daftari la kila siku bandarini liwe na mambo haya tu: tarehe, chombo au miguu, zana, watu wangapi, wametoka saa ngapi wamerudi saa ngapi, mwamba gani, kilo za kila aina. Zana na saa zisikosekane. Kilo peke yake zinadanganya, zinaweza kupanda kwa sababu watu wameenda mbali zaidi na kukaa muda mrefu zaidi, na mwambani hali imezidi kuwa mbaya.

Ubao uwekwe bandani na matokeo ya kila mwezi yaandikwe kwa chaki, yasiishie kwenye kompyuta ya ofisi. Msilinganishe kusi na kaskazi, linganisha kusi na kusi.

Atakayevunja sharti wa kwanza jitayarisheni awe mtu wa karibu: mpwa wa mwenyekiti, baharia wa tajiri mkubwa, ndugu wa ofisa. Kijiji kizima kitakuwa kinatazama. Siku hiyo hiyo piga picha ya chombo na zana, andika mahali na saa, mwite ofisa aliyeidhinishwa, toza faini ile ile iliyoandikwa, na nakala ya risiti ibandikwe kwenye ubao pembeni ya kilo za mwezi. Mwenyekiti akiwa na undugu na mhusika akae pembeni, makamu aendeshe kikao, na iandikwe kwamba alikaa pembeni.

Kipande cha pili cha pwani msikiguse mpaka kusi moja na kaskazi moja zimepita na daftari halina wiki iliyorukwa. Ikirukwa, tafuta kwanza ni nani alikuwa akiandika na alilipwa na nani.